Madam Aliyeitetea Ada ya Mtihani

Wanaume wa Malaba walipomwona akija kwa miguu kando ya foleni ya malori, wale waliokuwa na mtoto kidato cha nne waligeukia ukuta kana kwamba wamebanwa na haja ndogo. Yeye aliwapita bila kupunguza mwendo. "Baba Wafula," alisema kwa sauti ya kawaida, "ukimaliza hapo, shule bado iko pale pale." Mwanamume akabaki ameyakodolea macho matofali, hana la kufanya hapo na hathubutu kugeuka.

Tulimwita Madam. Shule ilikuwa na walimu wengine wa kike, na kila mmoja aliitwa Madam akaongezewa jina. Yeye hakuhitaji nyongeza. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya kutwa iliyo kati ya Malaba na Amukura, akifundisha kemia na kusimamia mtihani wa taifa. Miaka ile ada ya mtihani ililipwa na mzazi, kwa hiyo kusimamia mtihani kulianza miezi mingi kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa. Kulianza na kusajili, na kusajili kulikuwa kuamua nani atapata namba na nani hatapata.

Alikuwa na utaratibu wake. Aliweka mabenchi mawili mbele ya maabara, moja kulia na jingine kushoto, akasimama katikati. Aliita jina. Mtoto akasimama. Madam akanyoosha kidole. Aliyeonyeshwa kulia alikuwa na namba. Aliyeonyeshwa kushoto alirudi nyumbani kutafuta, na mara nyingi huko kutafuta ndiko kulikokuwa mwisho wa shule. Hakuna neno lililosemwa. Wala hakukasirika. Nadhani hofu yetu ingepungua kama angekuwa anakasirika, kwa kuwa hasira huisha.

Neno "kushoto" likatoka shuleni likaingia sokoni. Hadi leo ukimuuliza mtu wa rika langu kama alifanya mtihani wa kidato cha nne, anaweza kukujibu, "Mimi ni wa kushoto," na usiulize zaidi. Mimi pia ni wa kushoto. Ninachokijua kuhusu umeme, na kuhusu kuandika sentensi, nimekipata katika vitabu vya mitumba, nikisoma ukurasa mmoja mara kadhaa mpaka ukubali.

Nilipofungua kibanda changu cha kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, alikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza. Alileta pasi, baadaye feni, baadaye redio, na alikaa kwenye stuli akisubiri, maana hakuamini kuacha kitu kwa fundi. "Imeungua au ni waya tu?" aliuliza kila mara, kwa sauti ileile aliyoulizia watoto. Kwa miaka hiyo yote hatukuzungumza hata siku moja juu ya benchi. Yeye aliniita Fundi, mimi nikamwita Madam, na kazi ikaenda.

Watu hudhani mtu anayeogopwa haogopi. Madam aliogopa mambo mengi, na aliyaogopa kwa mpangilio.

Aliogopa majina. Hapa mpakani mtoto anaweza kuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine alilobatiziwa Tororo, upande wa Uganda, kwa nyanya yake. Jina likikosewa wakati wa kusajili, matokeo yanakosa mwenyewe. Kwa hiyo alimuuliza kila mtoto peke yake, "Hilo ni jina la huku au la ng'ambo?" Mtoto akisita, Madam alianza kupumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda mlima. Asubuhi ya mtihani hakunywa hata chai. Karatasi zilipoletwa chini ya ulinzi wa polisi, alisimama mbali na sanduku, mikono ameificha kwenye kwapa, asije akasemwa kwamba aligusa.

Kuliko hayo yote, aliogopa foleni ya malori. Anayeishi Malaba anaijua: matrela yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, yamejipanga hadi macho yanachoka, na madereva wenye siku za kupoteza na fedha mfukoni. Msichana aliyekosa namba, mara nyingi mahali pa kwanza kupata riziki palikuwa pale, na beseni la mayai ya kuchemsha. Madam aliwapeleka wasichana kushoto, kisha jioni, kabla giza halijaingia, alitembea kando ya yale matrela akiwatafuta. Niliwahi kumuuliza mmoja wao, ambaye sasa ana hoteli yake ndogo, Madam alipowakuta aliwaambia nini.

"Hakuna," alinijibu. "Alinunua yai, akalila amesimama, akauliza kama baridi haijaniingia kifua. Halafu akaenda. Mimi nilitaka anitukane, ningejisikia vizuri."

Ninaandika jambo hili bila kulieleza. Sijapata maelezo yake.

Misemo yake tuliijua kama mashairi ya shule ya msingi. "Mzembe anapenda kesho kuliko anavyompenda mamake." "Swali la kwanza la mtihani ni: umefika?" Na ule uliowaudhi wazazi wote: "Cha bure hakina mlinzi." Aliamini hivyo. Wengine waliotetea ada walikuwa na chao ndani yake, au walikuwa wakisema walivyoagizwa. Madam hakuwa na chake. Aliamini kwamba mzazi aliyelipa ataamka kumwamsha mtoto, na kwamba asiyelipa kitu hata siku ya mtihani ataisahau.

Siku moja tulikutana Busia mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi la mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye kila mtu alimwita Haji. Mimi nilikuwa nimefuata waya wa shaba, Madam alitaka mpira wa bomba la maabara. Haji alikuwa na mtoto wa kidato cha nne nyumbani, na alipenda kubishana na Madam.

"Madam, wewe mtu wa kanisa lakini huna huruma," Haji alianza, akikata mpira. "Mtoto amesoma miaka yote hiyo, amefika kwa geti, ndiyo unamwambia geti iko na kiingilio?"

"Haji, wewe unagawa misumari bure?"

"Misumari si mtoto, Madam."

"Basi nikuulize. Serikali ikilipa, halafu siku moja ichoke kulipa, mtaenda kulia kwa nani? Baba ya mtoto nikimdai, najua analala wapi. Serikali inalala wapi?"

"Inalala Nairobi," Haji alisema, "na haijaamka."

Duka zima likacheka. Aliyekuwa akipima mabati aliacha kazi akacheka. Madam hakucheka. Alichukua mpira wake, akaukunja.

"Ndiyo maana," alisema.

Niliichukua hoja ile nikaenda nayo nyumbani, nikaifungua kama mota. Sehemu moja yake ilikuwa nzima: anayelipiwa kwa hisani anaweza kuachwa kwa hisani. Sehemu nyingine ilikuwa imeungua, nayo ni ile iliyomchukulia baba kuwa mtu mwenye kitu cha kudaiwa. Lakini sikuwahi kumwambia. Mbele yake ulimi wangu ulikuwa bado wa mwanafunzi.

Baadaye serikali ikaanza kulipa. Mabenchi yakarudishwa darasani. Wazazi wakajifunza kukutana na Madam bila kutafuta ukuta, na alipostaafu, vijana wa bodaboda walimtania hadharani, jambo ambalo baba zao wasingelithubutu. "Mmefurahi mapema," aliwaambia kila waliposifu. "Kitu hakiko kwa sheria. Kiko kwa bajeti." Kijana mmoja alimjibu, "Madam, wacha zako, hiyo ni mambo ya analogi." Madam akapanda pikipiki ya kijana huyohuyo, akamlipa nauli kamili.

Kuna mkanganyiko mwingine kwake ambao lazima niueleze sasa, kwa sababu unaihusu nyumba yetu.

Dada yangu huuza omena, dagaa wa ziwani kutoka Osieko, katika soko la Malaba. Ana mapacha wasichana, Apio na Adongo, na kwa hiyo watu wa pande zote mbili za mpaka humwita Nalongo, mama wa mapacha. Kwetu, chochote anachopewa pacha mmoja lazima apewe mwenzake, kilekile na kwa wakati uleule. Nguo mbili, vikombe viwili, hata makofi yakibidi yawe mawili. Wazee wanasema ukimchagua mmoja umekifundisha kifo kuchagua, nacho hakisahau kilichofundishwa. Wapo wanaocheka desturi hii. Sijamwona anayeivunja.

Madam alikuwa miongoni mwa wanaocheka. "Haina ushahidi," alisema. Lakini mapacha walipozaliwa alikuja kumwona dada yangu akiwa na mabeseni mawili ya rangi moja na sabuni mbili, na nilimwona akiinama kwa shida, beseni moja kila mkono, akayatua chini kwa pamoja ili lisitangulie moja. Alipoinuka alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

Apio na Adongo wako kidato cha nne mwaka huu.

Habari ililetwa na redio. Ilisemwa kwamba katika bajeti fedha za kulipia mtihani hazikuonekana. Siku iliyofuata ikasemwa zitatafutwa. Kisha ikasemwa watalipiwa wale wasiojiweza tu, na hakuna aliyejua atakayeamua nani hajiwezi. Habari ilibadilika na kubadilika, na kila ilipobadilika tuliogopa upya, maana hofu ya jana ilikuwa ya habari nyingine.

Dada yangu alikuja kibandani mchana, mikono bado ina magamba ya omena, akasimama mlangoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Bado hawajaamua, Nalongo. Tungoje."

"Kungoja nitangoja. Lakini mimi nimejipima. Nikiuza kila kitu, nikikopa kwa chama cha akina mama, nafikisha ya mmoja." Alishusha sauti kana kwamba koleo zangu zingemsikia. "Ya mmoja, kakangu. Umeelewa hiyo ni nini?"

Nilielewa. Nilimwambia nitaongeza, na nikafikiria kazi zilizokuwa mezani, mota ya kinu ambayo mwenyewe hakuwa ameilipia na feni mbili za kanisa, na yeye akazitazama pia, akajua. Tangu siku hiyo aliwakataza wasichana kutembea mmoja mmoja.

Ndipo maofisa wakaja Amukura kukusanya maoni ya wananchi. Swali lilikuwa kama ada ya mtihani iondolewe kabisa kwa sheria, ili isiwe bajeti moja inatoa na nyingine inanyima. Kikao kiliwekwa katika ukumbi karibu na soko, na Madam akaalikwa kuzungumza kama mwalimu mstaafu.

"Huyo mama akisimama, tumekwisha," dada yangu alisema tukiwa njiani. "Wakubwa wanampenda. Anaongea kama kitabu."

Ukumbi ulijaa. Mbele kulikuwa na ofisa mkuu, mtu mgeni, mwenye tabasamu la kazi, na pembeni yake karani kijana aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta. Haji alizungumza, akasema iondolewe. Mchungaji mmoja akasema iondolewe. Kisha akaitwa Madam.

Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ileile. Alisema yote niliyowahi kuyasikia, na aliyasema vizuri kuliko zamani. Cha bure hakina mlinzi. Serikali haina mlango wa kubishwa. Mliambiwa msitegemee, mkategemea, na leo mnatetemeka mbele ya redio kama kuku waliosikia mwewe. Nani anatetemeka kwa deni la nyumba yake mwenyewe? Niliona vichwa vikianza kukubali, kimoja kimoja, hata vya watu waliokuja kupinga. Karani aliandika kwa kasi. Niliwaza: anatuondoa tena, na safari hii anatuondoa sote kwa pamoja.

Dada yangu akasimama. Hakuwa ameniambia. Aliwashika binti zake mikono, mmoja huku na mmoja huku, akatembea nao hadi mbele.

"Madam, habari yako."

"Mzuri, Nalongo."

"Mimi sikusoma sana. Hiyo maneno ya bajeti siwezi. Niko na swali moja tu. Ada ikirudi, mimi niko na ya mtoto mmoja. Hawa hapa." Akawaachia mikono, wakabaki wamesimama wawili. "Nionyeshe wa kushoto."

Mtu nyuma yangu alisema, "Yesu." Mama mmoja mzee alijifunika uso kwa leso. Mwanamume akapaza sauti, "Nalongo! Hiyo mambo haisemwi! Chukua watoto ukae!"

Ofisa mgeni hakuelewa. Alicheka kwa upole, akataka kusaidia. "Mama, ni swali zuri sana. Kwa mfano tu, Madam angeweza kuangalia nani kati yao ana alama za juu..."

"Aaaa!" ukumbi ulinguruma. "Mkubwa, usiguse hapo! Wacha kabisa!"

Tabasamu likamtoka. Alimtazama karani, karani akatazama chini. Watu wote wakamgeukia Madam, wakamtazama kama waya ambao hujui kama una umeme.

Madam aliwatazama mapacha. Mkono wake wa kulia ulianza kupanda. Ulipanda kidogo tu, nao ulipanda wenyewe, kwa mazoea. Kidole kilikuwa kimeshaanza kunyooka. Kisha mkono wa kushoto ukaja ukaukamata kwenye kiwiko, ukaushusha.

"Andika ada iondolewe," alimwambia karani.

Kijana hakusikia vizuri, au hakuamini. "Madam?"

"Iondolewe kwa sheria. Isiwe zawadi ya mwaka."

"Umebadilisha maoni, Madam?" ofisa aliuliza.

"Aandike."

"Na sababu?"

"Sababu asiandike," alisema Madam, akaketi.

Watu walipiga makofi. Haji alisimama akapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa. Dada yangu alilia, na wanawake wakamzunguka. Ofisa akaeleza kwamba maoni yatapelekwa Nairobi, kwamba uamuzi utatoka kwa wakati wake, na kwamba hawezi kuahidi lolote. Nadhani ni wachache waliomsikia. Walikuwa wameshasikia walichotaka.

Nje, Madam aliniita kwa kidevu tu. Alikuwa amesimama peke yake kando ya ukumbi.

"Fundi, ulikuwa unaniangalia mkono."

"Ndiyo, Madam."

"Wanadhani nimeshindwa kuchagua."

Niliutazama tena ule mkono.

"Sikushindwa." Alisema taratibu, kama anayesoma matokeo. "Dada yako hajamaliza kusema, mimi nilishachagua. Niliwaangalia mara moja tu. Mmoja wao anasimama kama mtu atakayefaulu." Alitazama pembeni, halafu akanirudia. "Miaka yote nilikuwa nafanya hivyo. Kabla sijajua nani amelipa, nilishajua nani ningemsikitikia akienda kushoto. Nilidhani ni uzoefu wa kazi."

"Hukumwonyesha, Madam. Hakuna aliyejua."

"Mimi najua. Jibu liko hapa." Aligusa paji la uso. "Siwezi kulirudisha. Na mimi ndiye ninayesema desturi yenu ya mapacha haina ushahidi." Hapo ndipo nilipoona kwamba meno yake yalikuwa yakigongana, mchana wa jua kali. "Usiwalete kwangu, Fundi. Hata kunisalimia. Hata wakifaulu."

Apio na Adongo walikuwa wakija mbio kumsalimia, kama walivyolelewa, kila mmoja amenyoosha mkono wake. Madam aliwaona. Akaishika kanga yake kifuani, akageuka, akaenda zake kuelekea barabarani kwa mwendo wa haraka ambao sikujua bado anao, bila kuangalia nyuma.

Wasichana wakasimama mbele yangu, mikono bado hewani.

"Anko, mbona Madam amekataa mikono yetu?"

"Ana haraka," nilisema.

Adongo aliridhika. Apio aliendelea kumtazama akiondoka. Na mimi nikajikuta ninawatazama wao, mmoja, halafu mwenzake, nikikagua mabega na miguu, nikitafuta ni yupi anayesimama kama mtu atakayefaulu. Nilikuwa nimeshaanza kuona tofauti nilipofumba macho.